Siku Ngalawa Zilipovuka Mlima

Mimi ni mtu asiyekaa. Ukinikaribisha kwako, kabla chai haijapoa nitakuwa nimeshainuka, nimechungulia jikoni, nimetoka uani kuangalia mawingu na nimekuuliza kama nguo zako kwenye kamba hazijakauka. Mashoga zangu wa Lushoto huniuliza kama nimekalia siafu. Biashara yangu yenyewe ni ya kupanda na kushuka: huku juu nachukua karoti, hoho na kabichi, nazishusha Tanga, halafu napakia nazi na samaki wakavu, napanda. Nikikaa Lushoto siku nyingi naanza kugombana na kila mtu. Nikikaa Tanga, hivyo hivyo. Mume wangu ameshazoea, huwaambia watu kwamba alioa abiria.

Juzi nilikuwa sokoni Lushoto, upande wa samaki, siku ya gulio. Muuzaji mmoja akafungua kiroba cha ng'onda, wale samaki wanaopasuliwa na kuanikwa juani na chumvi. Harufu ikatoka yote kwa pamoja, ya chumvi na jua na kitu kilichotaka kuoza kikaghairi. Wengine waliziba pua. Mimi nilisimama palepale katikati ya njia, watu wakinipiga vikumbo na matenga yao, na nikawa tena msichana mdogo aliyevaa sweta kwenye joto la pwani, anamtafuta baba yake amwambie kwamba ngalawa zimevuka mlima na hazirudi leo.

Wa rika langu mtanielewa. Siku hizi mtoto anaulizwa hata anataka kula nini. Sisi tulibebwa kama mizigo. Ukiuliza tunakwenda wapi, unaambiwa funga mdomo nzi wataingia. Kwa hiyo tulijifunza kukisia, na mara nyingi tulikisia ovyo.

Niseme mapema jambo ambalo mimi nilikuja kulijua kwa kuchelewa, maana sipendi msimuliaji anayeficha karata mkononi. Safari ile nilipelekwa pwani kuachwa. Baba alikuwa na dada mmoja tu, Shangazi Mwanahawa, aliyeolewa kijiji cha wavuvi, ukishapita Muheza ukateremka mpaka barabara ikaishiwa na pa kwenda. Shangazi alikuwa hajajaliwa mtoto wa kuishi. Alipozika wa mwisho, Baba alikwenda msibani na akatamka mbele ya watu kwamba katika binti zake atamtolea dada yake mmoja, awe wake wa kulea. Kwetu hilo si ajabu. Shangazi ana haki yake kwa watoto wa kaka yake, na neno la msibani halirudishwi mdomoni. Aliyechaguliwa nikawa mimi.

Masharti aliyatoa bibi yetu, mama yake Baba. Alisema mtoto anayehamishwa haagwi. Ukimuaga, moyo wake unabaki njiani na mwili utashikwa na homa isiyosikia dawa. Basi aachwe akiwa ameshughulika na jambo lake, na aliyempeleka aondoke bila kuonwa. Akionwa, basi imeharibika: mtoto arudishwe kwao siku hiyohiyo, na lisizungumzwe tena. Baba alikuwa mtu wa kumsikiliza mama yake. Akapiga hesabu zake, akaona hakuna siku bora kuliko siku ya mashindano ya ngalawa, kule kwa Shangazi, Idi pili. Mtoto wa milimani ambaye hajaona hata bwawa la kuogelea bata, ukimwonyesha ngalawa zinakimbizana baharini, atakumbuka kweli kugeuka nyuma?

Nyumbani mimi nilichoambiwa ni kwamba tunakwenda kula Idi kwa Shangazi na kutazama ngalawa. Nililirusha neno hilo kijiji kizima. Wenzangu wakaniuliza ngalawa ni nini, nikawaambia ni lori la majini, na nikasema hivyo kwa uhakika wote wa mtu asiyejua.

Mama alinisuka siku moja kabla ya safari. Alinivuta nywele mpaka macho yakanitoka. Begi alilipanga mwenyewe na hakutaka nilisogelee, wakati siku zote ni mimi niliyejipangia vitu vyangu.

"Ukifika, kula chochote utakachopewa," aliniambia akiwa nyuma yangu, kitana mdomoni. "Usije ukasema kwetu hatuli hiki. Na ukiamkuliwa, itikia. Sweta lako usilipoteze."

"Tunakaa siku ngapi, Mama?"

"Wewe nenda ukaone ngalawa."

Nikageuka kumtazama, akanirudisha kichwa kwa nguvu kama anayefunga mlango. Nilimwonea huruma. Nilidhani ana wivu kwa sababu yeye hakuchukuliwa kwenye safari. Nikamwambia asijali, nitamletea maji ya bahari kwenye chupa, aonje kama kweli yana chumvi. Mama akaacha kusuka, akasema anakwenda kuangalia kuni zisilowe, na nje jua lilikuwa linawaka.

Tuliondoka na lori la kabichi, tukakaa mbele na dereva. Ukungu ulikuwa bado umeshika Soni. Tulipofika Mombo joto likaingia dirishani, na dereva akanicheka kwa sweta langu, lakini nilikataa kulivua kwa sababu Mama alisema nisilipoteze, na mimi niliona namna pekee ya kutokipoteza kitu ni kukivaa. Niliuliza maswali njia nzima. Baba kwa kawaida swali la tatu hulijibu kwa jicho. Siku ile alijibu yote. Muheza tulipobadilisha gari alinunua machungwa, akayamenya moja baada ya jingine kwa kisu chake cha mfukoni na kunipa yote. Baba hakuwa mtu wa kummenyea mtoto chungwa. Nilidhani ni raha ya Idi.

"Tunarudi lini, Baba?" nilimuuliza, juisi ikinitiririka mpaka kwenye kiwiko cha sweta.

Alifuta kisu taratibu, upande huu na upande huu.

"Ngalawa zikirudi," alisema.

Baba hakupenda uongo. Nafikiri jibu hilo alikuwa amelitafuta tangu Lushoto, na alipolipata alilishika kwa mikono miwili. Mimi nililichukua kama lilivyo: ngalawa zinakwenda, ngalawa zinarudi, na sisi tunarudi.

Shangazi Mwanahawa alitupokea barazani. Alikuwa na paji la uso la Baba, lilelile pana, nikaona ajabu kuliona juu ya mwanamke aliyejifunga kanga.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba sana. Karibu nyumbani kwako."

Nikaona ni adabu za pwani, kwamba kila mgeni huambiwa ni kwake. Alinishika mashavu, akanishika mabega, akanigeuza nyuma na mbele. Halafu akaingia ndani haraka na akakaa huko muda mrefu, na Baba akawa anatazama viatu vyake vyeusi vya sikukuu vilivyojaa mchanga.

Tulikuwa tumewaletea tenga la mapeasi. Mume wa Shangazi, Mzee Rashidi, mvuvi mwenye mikono mipana kama makasia, baada ya futari alichukua moja akaling'ata kwa heshima zote. Akatafuna. Akaendelea kutafuna.

"Shemeji," alimwambia Baba, "hili ni tunda ama ni kisigino?"

"Linalainika likikaa," Baba akasema.

"Basi likae. Mimi kesho kutwa nina resi, nayahitaji meno yangu nipigie kelele."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Nilimpenda Mzee Rashidi tangu saa ile, na jambo hilo baadaye lilinisumbua, kwa sababu nilitaka kumchukia mtu na pale hapakuwa na mtu wa kumchukia.

Siku zile za kwanza sikutulia hata kidogo. Mchanga haukunipa pa kukanyaga, kila hatua mguu ulizama. Hewa ilikuwa nzito. Maji ya kunywa yalikuwa ya uvuguvugu, na kwangu mimi maji ya namna hiyo yalikuwa ya kuogea. Nilizunguka nyumba, nikaenda mpaka kisimani, nikarudi, nikaenda mpaka msikitini, nikarudi. Shangazi alinifuata kwa macho kila nilikokwenda. Nilimsikia akimwambia Baba jikoni, "Huyu hatulii, kaka. Nahofia." Na Baba akamjibu, "Atatulia." Nikajua ninasemwa, nikakaa kwenye mkeka kama mtoto mwenye adabu, kisha nikainuka tena.

Idi pili ilipofika watu wote walihamia ufukweni. Ngalawa zilikuwa zimepangwa juu ya mchanga, kila moja na jina lake ubavuni kwa rangi. Ya Mzee Rashidi iliitwa Subira. Jirani yake ilikuwa Usinionee, na nyingine Nipishe Nipite. Kina mama walipitisha chetezo cha ubani juu ya kila mlingoti, shehe akasoma dua, kisha wanaume wakaziinua ngalawa zao mabegani wakiimba, wakaziingiza majini wakikimbia, na matanga yakafunguka kwa kishindo kilichonifanya nirudi nyuma. Vijana wakapanda kwenye mbao za pembeni ili ngalawa isilale upande mmoja, na mmoja katika kila ngalawa alikaa chini na kopo, kazi yake kutwa ni kufua maji, kuyachota yanayoingia na kuyamwaga nje. Zawadi ilikuwa mbuzi dume. Alifungwa kwenye kigingi nyuma yetu na kitambaa chekundu shingoni, na alikuwa akizunguka, anazunguka, mpaka kamba inaisha, anazunguka kinyume. Nilimwelewa kuliko mtu yeyote pale.

Nilipewa mwenzangu wa kuniangalia, Saumu, binti wa jirani, wa umri wangu, anayejua kila nahodha na aibu zake. Baba alisimama nyuma yetu kidogo. Aliniwekea mkono kichwani, juu ya mabutu aliyonisuka Mama.

"Unaziona?"

"Naziona, Baba."

"Zitazame vizuri," akasema. "Usiache kuzitazama."

Na mimi nikazitazama kama nilivyoagizwa. Hapo ndipo kichwa changu cha milimani kilipoanza kunidanganya. Mtu aliyezaliwa kwetu hajui kitu bapa. Ukitazama mbele unaona mteremko au mwinuko, na kinachokwenda mbali kinakwenda juu au kinakwenda chini. Pale ufukweni niliona bahari imeinuka, ukingo wake uko juu kuliko paji langu la uso, na ngalawa zinapanda. Nikawaonea huruma wale vijana kwa mlima ule. Zikapanda, zikapungua, na zilipofika juu kabisa mbao zake zikazama kwanza, yakabaki matanga, kisha matanga nayo yakaanza kushuka upande wa pili. Hicho nilikuwa nakijua vizuri. Ndivyo watu wanavyopotea kwetu wakivuka mgongo wa mlima kwenda Bumbuli: miguu kwanza, kichwa mwisho. Na aliyevuka kwenda Bumbuli harudi siku hiyo. Analala huko.

"Zimevuka," nikamwambia Saumu.

"Zimevuka nini?"

"Mlima. Zimeingia upande wa pili. Hazirudi leo, zitalala huko."

Saumu alinitazama kwanza aone kama natania. Kisha akageuka kuwaambia watu kwa sauti ya mnada.

"Jamani! Mtoto wa Bi Mwanahawa anasema baharini kuna mlima!"

Kicheko kikazunguka ufukwe mzima. Bibi mmoja aliyeuza vitumbua alicheka mpaka akajishika mgongo. Nilitaka mchanga ufunguke. Nikamkaba Saumu kwa neno jingine, kwa sababu la mlima sikuweza kulitetea.

"Mimi si mtoto wa Bi Mwanahawa. Mimi ni mtoto wa kaka yake."

"Si umeletwa?" akasema, wala hakuwa na ubaya, alikuwa ananisahihisha tu. "Kitanda chako kimechongwa tangu kabla ya mwezi wa Ramadhani. Na shule utaingia darasa letu, mwalimu ameshaambiwa."

Nikamwambia ni mwongo. Nikageuka kumwita Baba amwambie yule msichana ukweli, na Baba hakuwepo tena pale alipokuwa amesimama.

Nilikimbia. Nilikuwa na mambo mawili ya kumwambia, na la kwanza bado lilikuwa lile la ngalawa: kwamba zimeshavuka mlima, tukizisubiri tutangoja mpaka kesho, bora tuondoke sasa hivi. La pili lilikuwa Saumu. Niliyapanga hivyo kichwani nikikimbia kwenye ule mchanga usiokimbilika, na sweta lilikuwa linanichoma kama blanketi la mgonjwa.

Nyumba ilikuwa tupu, watu wote wako ufukweni. Begi la Baba halikuwa mahali pake. Begi langu lilikuwepo, limekunjwa, tupu, limewekwa juu ya kabati. Nguo zangu zilitundikwa kwenye misumari ya ukutani, zimepangwa vizuri, na pale mwisho palikuwa na sare yangu ya shule. Nani hupakia sare ya shule kwa ajili ya Idi? Nikaishika. Ilikuwa mpya. Pindo lake la chini lilikunjwa mara mbili, lile pindo pana ambalo mama huacha ili aliteremshe mtoto akirefuka. Mishono ilikuwa ya Mama, naijua, midogo na imekazwa. Mama alikuwa amekaa Lushoto akashona gauni la mtoto atakayerefukia mahali pengine.

Sikulia. Niliona hasira kwanza, hasira kubwa kuliko mwili wangu. Nikakumbuka machungwa ya Muheza. Nikakumbuka "karibu nyumbani kwako". Nikaona kumbe kila mtu alijua, mpaka dereva wa lori labda, mpaka kabichi.

Nilirudi ufukweni kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Shangazi alinidaka kabla sijafika kwenye maji. Alikuwa bila viatu, kanga imemteremka kichwani, anahema.

"Ulikuwa wapi? Eh? Nimekutafuta! Nimedhani umeingia majini!"

"Nilikwenda nyumbani."

Alinitazama usoni, na nadhani alijua nilichokiona kwenye misumari. Akanishika mkono. Jua lilikuwa kali vile, na mkono wake ulikuwa wa baridi. Sijawahi kuona mtu mzima akiniogopa mimi. Shangazi alikuwa ananiogopa, mtoto mdogo mwenye sweta, kwamba nitasema neno moja na vyote alivyovitundika vitashushwa.

Wakati uleule ufukwe ukalipuka. "Hao! Hao!" Juu ya ukingo wa bahari matanga yalikuwa yanachomoza, vichwa kwanza, kama watu wanaorudi kutoka Bumbuli. Watu wote wakasogea mbele, vigelegele, watoto wakaingia majini na nguo zao za Idi, Shangazi mwenyewe akainua shingo kuitafuta Subira. Kila jicho lilikuwa baharini.

Mimi nikageuka nyuma. Ndivyo nilivyo.

Baba alikuwa nyuma ya umati, karibu na njia inayopandisha barabarani, begi begani. Alikuwa anaondoka kinyumenyume. Hatua moja, anasimama, hatua nyingine. Hakutaka kunipa mgongo. Kisigino chake kikanasa kwenye kamba ya yule mbuzi, akayumba, akataka kuanguka, mbuzi akalia, na hakuna aliyegeuka. Alikuwa amevua kofia yake na ameikandamiza mdomoni kwa mkono. Uso ule nilikuwa sijawahi kuuona. Nilimfahamu Baba wa kukaripia, Baba wa kuswali, Baba wa kuhesabu magunia. Huyu nilikuwa simjui.

Macho yake yalikuwa yanakuja kwangu, yanapanda polepole kutoka kwenye ile kamba. Ningepiga kelele moja. Sikuhitaji hata neno, ningeinua mkono tu, na angenichukua, tungekuwa kwenye gari kabla ngalawa hazijagusa mchanga. Masharti ya Bibi nilikuwa siyajui, lakini mtoto hahitaji masharti kujua kwamba baba anayetembea kinyumenyume ukimwita atakuja.

Nikageuza uso baharini. Nikaruka juu, nikapiga makofi, nikapaza sauti kuliko watoto wote wa pale: "Subira! Subira! Haya, Subira!" Mpaka leo siwezi kusema ilikuwa ni nini. Hasira ilikuwepo: kama ameamua kuniacha, na aende, sitampa nafasi ya kuniona nalia. Na ule mkono wa baridi ulikuwa bado umeshika wangu. Na uso wake ule, nilihofia akirudi utapasuka mbele za watu. Mimi naona vilikuwepo vyote, na mtoto hana muda wa kuvipanga. Nilipiga kelele na sikugeuka. Shingo iliniuma kwa kutogeuka.

Usinionee ndiyo iliyoshinda. Subira ilikuja ya tatu, na Mzee Rashidi akashuka majini akisema yule mbuzi mwenyewe alikuwa na kikohozi, hakumtaka. Watu wakacheka. Shangazi aliningoja niulize Baba yuko wapi. Alingoja tulipokuwa tunarudi nyumbani, alingoja tulipokuwa tunakula, sahani yangu imejaa pilau kama ya mwanaume. Sikuuliza. Sikuuliza kesho yake wala wiki iliyofuata. Majirani wakasema mtoto huyu ana moyo mgumu. Mimi nilikuwa natembea tu. Kisimani, msikitini, ufukweni, kisimani. Nilikuwa natembea kama mtu aliyeambiwa kwamba asimame kidogo, gari linakuja.

Lile pindo la sare aliliteremsha Shangazi, kwa mishono mikubwa mibaya, maana hakuwa fundi wa sindano. Nilimpenda. Nataka lisomeke hilo bila kupindapinda: nilimpenda kwa moyo wote, alinilea, alinisomesha, na nilipoolewa ni yeye aliyeninong'oneza yote yanayonong'onwa. Baba alikuja kila Idi na tenga lake la mapeasi. Tulisalimiana. Aliniuliza masomo, nikamjibu masomo. Siku ya kuondoka alikuwa akiaga kwa sauti kubwa, mlangoni, mchana kweupe, na kila mara nilijikuta nina kazi jikoni.

Habari ya masharti niliipata kwa Bibi mwenyewe, nilipokuwa msichana mkubwa na nimepanda kumwuguza. Alinieleza kwa fahari, jinsi mambo yalivyokwenda sawasawa, jinsi nilivyoachwa bila kuona na ndiyo maana sikuugua. Nilikuwa nimeshika kikombe chake cha uji. Nilitoka nje nikatembea mpaka kwenye mgongo wa mlima, nikarudi, nikatembea tena. Kwa hiyo ningegeuka tena, anione namwona. Ningegeuka tu, na sheria yao wenyewe ingenirudisha kwa Mama.

Sikumwambia mtu. Shangazi alifariki, Mzee Rashidi akamfuata, na mimi nikaanza hii biashara ya kupanda na kushuka ambayo haijanituliza bado.

Mwezi uliopita, kabla ya siku ile ya sokoni, nilikwenda kumtazama Baba. Ni mzee sasa, magoti yamemkataa, anaota moto jikoni hata mchana. Nilikuwa nimeshainuka kuondoka, kama kawaida yangu, ufunguo wa gari mkononi. Akaniambia nikae. Nikakaa.

"Siku ile ya ngalawa," akasema, akitazama moto. Miaka yote hiyo hakuwahi kuitaja. "Nilikutazama mpaka nikafika barabarani. Ulikuwa unaruka, unapiga makofi. Hukugeuka hata mara moja."

Nikasogeza kuni motoni.

"Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Ungegeuka, mwanangu, nisingeweza. Ningekuchukua, na Mwanahawa angekufa mikononi mwangu." Akaweka mkono wake juu ya wangu. "Lakini wakati mwingine najiuliza. Hivi kweli hukuniona?"

Aliinua macho. Yalikuwa yanakuja kwangu polepole, yanapanda kutoka kwenye majivu. Safari hii sikuyakwepa.

"Sikukuona, Baba," nikamwambia. "Ngalawa zilikuwa zinarudi. Nani angegeuka?"

Akasema alhamdulillahi. Akafumba macho, na mkono wake ukabaki juu ya wangu, nami nikakaa pale mpaka kuni zikaisha.